Kifaru cha T-55A cha Tamiya katika kipimo cha 1/35: tathmini ya mtu aliyekulia Kyaka

Nimemaliza kuunga seti ya modeli ya plastiki ya kifaru cha T-55A, toleo namba 35257 la kampuni ya Tamiya ya Japani, baada ya takribani miezi miwili ya kazi ya usiku na ya siku za Jumapili, na niseme mapema kwamba naipendekeza kwa yeyote anayetaka kuanza kukusanya vifaru vidogo akiwa huku kwetu, ambako duka la vitu hivi ni la kutafuta kwa tochi na kila chupa ya rangi huagizwa kwa gharama. Naipendekeza, lakini kwa sharti moja ambalo nililijua nikiwa nimechelewa, na ndilo lililonifanya niandike tathmini hii kwa urefu. Kifaru kilichomo ndani ya boksi hili si kile ambacho wengi wetu wa Kagera tunadhani tunakinunua.

Nilizaliwa miaka michache baada ya vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda, nikakulia Kyaka, karibu na daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978. Utoto wetu ulijaa habari za vifaru. Wazee walivitaja kama watu wa kwingine wanavyotaja mafuriko au njaa, yaani kama alama ya kuhesabia miaka: huyu alizaliwa kabla ya vifaru kupita, yule baada yake. Kwa hiyo nilipoanza kukusanya modeli za vita, baada ya kuunga gari moja la jeep na lori moja ili mkono uzoee, sikuvutiwa na vifaru vya Wajerumani ambavyo hujaza rafu za wakusanyaji wengi duniani. Nilitaka kile kilichopita barabara yetu. Nilijua kwamba kilikuwa cha ukoo wa T-54 na T-55, nikatafuta seti inayosifiwa kwa urahisi wa kuungika, nikaambiwa kwa kauli moja kwamba ni hii.

Kwa wasiofahamu, kipimo cha 1/35 kina maana kwamba kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 35 za kifaru chenyewe. T-55 halisi ina urefu wa mita 9 ukipima pamoja na mzinga ulioelekezwa mbele, na upana wa mita 3.27, hivyo modeli hutoka na urefu wa karibu sentimita 26 na upana wa zaidi kidogo ya sentimita 9, ukubwa unaoenea vizuri kwenye rafu ya vitabu bila kumfukuza mwenye nyumba. Mzinga wake wa milimita 100 unakuwa na tundu lisilofika milimita 3. Namba 35 yenyewe haikutokana na hesabu yoyote ya kitaalamu. Mwaka 1961 Tamiya, kampuni ya Shizuoka iliyoanza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Panther chenye mota, na ukubwa wake ulipangwa ili betri zienee tumboni. Baadaye Shunsaku Tamiya alipokipima akakuta kinakaribia moja ya 35 ya kifaru halisi, akaamua vingine vifuate kipimo hicho hicho. Leo viwanda vya Ulaya na vya China vinakifuata, na chanzo chake ni betri.

Boksi langu lilifika likiwa limebonyea kona moja, jambo ambalo silaumu kiwanda kwa sababu lilipita mikono mingi, na duka la mtandaoni lililoniuzia, ambalo sitalitaja, lilikuwa limelifunga kwa karatasi moja tu. Ndani hakukuvunjika kitu. Hilo linasema jambo kuhusu namna fremu zinazoshika vipande zilivyopangwa na kufungwa kila moja katika mfuko wake. Plastiki ni ya kijani kilichofifia, ngumu kiasi cha kukatika kwa usafi bila kumeguka, na mishono ya kalibu ni myembamba mno kiasi kwamba sehemu nyingi nilizisafisha kwa kupitisha ncha ya kisu mara moja, kisha msasa namba 600 mara mbili. Aliyewahi kuunga modeli za bei rahisi, ambazo kila kipande huja na ndevu za plastiki pembeni, atathamini kitu hiki kabla hata hajafungua gundi.

Kuhusu kuungana kwa vipande sina malalamiko, na hapa ndipo fedha yako inapokwenda. Vipande viwili vinapokutana vinakutana kweli. Utaratibu wangu ni kuviweka pamoja vikiwa vikavu, kuvishika kwa vidole, kisha kugusisha brashi ya gundi nyepesi kwenye mstari wa maungio, na gundi hujipenyeza yenyewe ndani ya ufa kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Natumia ile gundi ya Tamiya yenye mfuniko wa kijani, chupa ya mililita 40, ambayo haigandishi kama gundi ya viatu bali huyeyusha kidogo pande zote mbili za plastiki mpaka ziwe kitu kimoja. Kwa sababu hiyo hufanya kazi kwenye plastiki tupu na haifanyi kazi juu ya rangi. Kwa sababu hiyo hiyo tone likianguka juu ya sehemu iliyo wazi, usilifute. Liache likauke lenyewe. Nililifuta tone moja kwa kidole juu ya bawa la kushoto, yaani bamba la pembeni linalofunika mnyororo, na alama ya kidole changu imo humo mpaka leo, mistari yote ikisomeka, nikalazimika kuisugua na kuifunika kwa tope.

Magurudumu ni kazi ya jioni mbili. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kila gurudumu ni sahani mbili zilizopandana, hivyo unapata sahani 20 za kusafisha na kupaka, kila moja ikiwa na ukingo wa mpira unaopaswa kuwa na rangi ya kijivu iliyokolea, wala si nyeusi. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mapengo mengine, na pengo hilo ndilo kitambulisho cha ukoo wote wa T-54 na T-55: ukiona picha ya zamani iliyofifia ya kifaru kando ya barabara, tazama pengo hilo kwanza. Katikati ya kila gurudumu hukaa kikombe kidogo cha plastiki laini ambacho hakitiwi gundi, ili gurudumu lizunguke na uweze kulitoa wakati wa kupaka rangi. Kabla gundi ya mikono inayobeba magurudumu haijashika, nilikiweka kifaru juu ya kioo na kuchungulia kwa usawa wa meza kama magurudumu yote kumi yanagusa chini. Moja halikugusa. Nililisukuma kidogo, nikalala, asubuhi likawa sawa.

Sasa nije kwenye udhaifu wa kwanza, nao ni minyororo. Tamiya wameitengeneza kama mkanda mmoja wa plastiki laini kila upande, unaoungwa ncha kwa ncha. Kwa anayeanza hii ni nafuu kubwa, kwa kuwa viwanda vingine hukupa pingu za mnyororo moja moja, zaidi ya themanini kwa upande, na ukimaliza kuzipanga umechoka na kila kitu. Lakini T-55 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo. Mnyororo wake hulala juu ya magurudumu yale makubwa na kubonyea katikati yake kwa uzito wake wenyewe, na ule mlegeo ndio unaoonyesha kwamba chuma ni kizito. Mkanda wa plastiki haujui uzito. Unapita juu umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kifaru cha tani 36 kinaonekana kama kitu cha kuchezea.

Nililiona tatizo hilo, nikalidharau. Nikasema mabawa ya pembeni yataficha. Nikaendelea na rangi, nikabandika vitu vidogo vyote, kisha mwezi wa sita nikasafiri nacho kwenda nyumbani, ndani ya boksi la viatu lililojazwa pamba, ili baba mdogo akione. Baba mdogo alikuwa askari wa miguu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, katika vita vile. Si msemaji, na tangu utotoni tulifundishwa kutomuuliza.

Nilimwamkia, nikaweka kifaru juu ya meza ya nje, nikanyamaza. Alikitazama kwa muda mrefu bila kukigusa. Kisha akainama, akaweka jicho karibu na ubavu wake, akasema, "Mnyororo huu umekazwa sana, mwanangu. Ukiukaza hivi unakatika kabla hujafika Mutukula." Akachora kwa kidole hewani mstari unaopanda na kushuka juu ya magurudumu. Baada ya hapo akapeleka kidole juu ya kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, upande wa kulia, mbele ya mfuniko wa mpakiaji wa risasi, akawa anapapasa kana kwamba amepoteza kitu. "Na hapa mmetoa nini? Hapa palikuwa na kitu kimevimba, kama kisufuria kimefudikizwa. Nilikaa nacho ubavuni nikielekea Masaka. Kilikuwa kinachoma mchana."

Sikuwa na jibu siku ile. Niliporudi Dar es Salaam nilianza kulinganisha michoro na picha, na nikakuta kwamba baba mdogo, ambaye hajawahi kusoma kitabu kimoja kuhusu vifaru, alikuwa ametaja tofauti ile ile ambayo wataalamu huitumia kutenganisha ndugu hawa wawili. Kile kisufuria ni kifuniko cha feni ya kutolea moshi wa risasi, na kipo juu ya kichwa cha T-54. Kwenye T-55, iliyoanza kutumika Urusi ya Kisovieti mwaka 1958, kiliondolewa. Na vifaru vikubwa vya JWTZ wakati ule havikuwa T-55 wala havikutoka Urusi. Vilikuwa Type 59 kutoka China, ambavyo ni nakala ya T-54A iliyoanza kutumika huko mwaka 1959, vikiwa na kile kisufuria juu, tundu dogo katikati ya bamba la mbele kwa ajili ya bunduki ya dereva, na injini ya nguvu za farasi 520 badala ya 580 za T-55.

Hili ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Seti ya 35257 ni T-55A, toleo lililofuata miaka michache baada ya T-55 ya kwanza, ambalo liliongezewa tabaka la ndani la kuwakinga askari dhidi ya mionzi ya nyuklia na kuondolewa bunduki ya mbele. Tamiya hawakukosea chochote. Jina kwenye boksi ni sahihi na kilichomo kinalingana na jina. Aliyekosea ni mnunuzi aliyedhani kwamba ukoo mmoja ni mtu mmoja. Kukigeuza kiwe Type 59 inawezekana kwa maneno: uchonge kisufuria, utoboe tundu mbele, upunguze unene wa mifuniko, urekebishe hiki na kile. Nilijaribu kuchonga kisufuria kwa kitufe cha shati. Kilipendeza. Lakini kila nilipolinganisha nilikuta kitu kingine cha kubadilisha, na nikatambua kwamba ningekuwa nimetengeneza kifaru ambacho hakijawahi kuwepo popote, si cha Warusi wala cha Wachina, ili tu nikibandike bendera ya kwetu. Nilikibandua kile kitufe.

Basi T-55 hii ni ya nani kwa mtu wa Afrika Mashariki? Ni ya upande wa pili. Jeshi la Amin lilikuwa na T-54 na T-55, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyotoka Israeli miaka ambayo nchi hizo zilikuwa zikielewana, na askari wa Libya waliokuja kumsaidia walikuwa na T-55 katika mapigano ya Lukaya ya tarehe 10 na 11 Machi 1979, pale barabara ya kwenda Kampala inapopita kwenye kinamasi. Nitakiri kwamba wazo la kuweka kifaru cha adui kwenye rafu yangu halikunikaa vizuri mwanzoni, mimi ambaye nimesimama zaidi ya mara moja mbele ya makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wetu wa vita vile. Nilipolitafakari niliona kwamba mkusanyaji anayeweka upande mmoja tu hajaweka vita, ameweka gwaride. Walioko Kaboya walikutana na vifaru hivi. Kuvijua umbo, urefu wa mzinga na unene wa bamba la mbele ni sehemu ya kujua walikutana na nini.

Narudi kwenye minyororo, kwa sababu nililazimika kuirekebisha baada ya maneno ya baba mdogo na dawa yake ni rahisi. Nilitoa mkanda, nikaupaka gundi kwenye sehemu ya ndani inayogusa juu ya magurudumu, nikaurudisha, kisha nikasokota vipande vya sifongo na kuvibana kati ya bawa na mnyororo, kimoja juu ya kila pengo, usiku kucha. Plastiki hii ya Tamiya inakubali gundi ile ile ya kawaida, tofauti na mikanda ya vifaru vya zamani iliyokuwa kama mpira wa ndala, ambayo haishiki gundi na, vibaya zaidi, huyeyusha magurudumu inayogusana nayo ikikaa miaka mingi mahali pa joto. Asubuhi nilitoa sifongo na mlegeo ukawepo. Haulingani na ule wa pingu moja moja, lakini ukiutazama kwa usawa wa meza unaona uzito.

Rangi ndiyo inayowatesa wengi wetu, na tathmini ya seti kama hii haijakamilika bila kuigusia, kwa kuwa kwenye boksi hakuna rangi wala gundi. Rangi na gundi za aina hii nyingi huwaka moto kwa urahisi, hivyo hazisafiri kwenye begi la ndege, na ndugu aliyeko ughaibuni anayekuahidi kukuletea chupa mbili atanyang'anywa kwenye ukaguzi. Mimi nilitumia XF-58 ya Tamiya kwa kijani cha msingi, nikaichanganya na tone la njano ili rangi ififie, kwa sababu kijani kilichoiva sana kwenye kitu kidogo huonekana cheusi. Tina ya madukani inayotumika kwenye magari usiikaribishe kabisa, itakula plastiki. Spiriti safi ya duka la dawa inazimua rangi hizi vizuri. Kwa joto la Dar es Salaam brashi hukauka mkononi kabla hujamaliza bamba moja, kwa hiyo nilifanya kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jua lilipochomoza, feni ikiwa imezimwa. Feni isipozimwa, utatafuta kioo cha taa ya mbele chini ya kabati kwa siku tatu, kama mimi.

Stika za maji zilizomo ni nzuri, nyembamba, na hukaa vizuri juu ya uso wa kichwa ulio na mikwaruzo ya chuma cha kuyeyushwa, ila sikuzitumia. Alama za majeshi yaliyopigana kwetu hazimo, na sikutaka kukipa kifaru hiki uraia wa nchi ambayo sina habari nayo. Kimebaki kijani kitupu.

Udongo nilikwenda kuuchukua mwenyewe. Nilichota kopo moja kando ya barabara ya Kyaka kwenda Mutukula, nikaukaanga kwenye kikaango cha zamani ili unyevu na vijidudu viishe, kisha nikauchekecha kupitia kitambaa cha soksi ya nailoni mara tatu. Kuchekecha si urembo. Punje ya milimita moja, kwenye kipimo cha 1/35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu, na kifaru kilichorushiwa mchanga wa kawaida huonekana kimepigwa mawe. Unga uliobaki baada ya mara ya tatu ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Niliuchanganya na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, nikautia kwenye mikono ya magurudumu, nyuma ya mabawa, na ndani ya mapengo ya minyororo ambako tope halitoki hata kifaru kikiendeshwa kwa kasi. Juu ya kichwa niliupaka ukiwa mkavu kwa brashi ya manyoya, kidogo mno. Nilipaka pia masizi kwenye bawa la kushoto, palipo bomba la moshi, kwani T-55 ina mtindo wa kumwaga dizeli kwenye bomba lililopata moto ili itoe wingu la moshi la kujifichia, na mashine inayofanya hivyo haiwezi kuwa safi upande huo.

Ule wekundu wa udongo wa Kagera hakuna chupa ya kiwanda inayoupata. Nimejaribu rangi tatu za kahawia zinazouzwa kwa jina la vumbi la Afrika, na zote ni rangi ya mahali pengine.

Kuna udhaifu wa pili ambao kwa wengine utakuwa mkubwa kuliko kwangu. Ndani ya kifaru hakuna injini wala chumba cha askari, hivyo ukiacha mifuniko wazi utaona utupu, na itabidi uifunge au umweke askari nusu mwili kuziba tundu. Kampuni ya MiniArt ya Ukraine inatoa T-54 na T-55 zenye kila kitu ndani, kuanzia silinda za injini mpaka risasi zilizopangwa kwenye vishikio, pamoja na pingu za mnyororo moja moja, na ni kazi za kustaajabisha. Lakini zina mamia ya vipande, baadhi vidogo kuliko punje ya mtama, na simshauri mtu aanzie huko. Nimewaona wawili walioanzia huko. Maboksi yao yako juu ya kabati. Tamiya hawa wamekata mambo kadhaa ili umalize, na mtu aliyemaliza kifaru kimoja ataanza cha pili.

Ukitaka umbo jingine la kifaru hiki hiki, Tamiya wanayo pia Enigma, T-55 ya Wairaki iliyovishwa masanduku ya chuma ubavuni na kichwani, namba 35324. Sijaiunga, kwa sababu hainihusu.

Kuhusu bei sitataja shilingi, maana kila mtu atalipa kwa kadiri ya nauli ya mzigo wake, na kwangu nauli pamoja na kodi vilikaribia bei ya boksi lenyewe. Ushauri wangu ni kuagiza vitu vyote kwa mkupuo mmoja na kushirikiana na wenzako wawili au watatu, halafu uchapishe picha ya bidhaa na risiti kabla ya kwenda kuchukua mzigo. Kwenye kaunta ya kupokelea mizigo nilipoteza saa nzima nikieleza kwamba picha ya kifaru juu ya boksi ni picha ya kitu cha plastiki kisichoungwa bado, mpaka ofisa mmoja, mama mtu mzima, alipofungua, akatazama fremu kwa makini, akasema kumbe ni kazi ya mikono, akanigongea muhuri.

Boksi la pili nimeshaliagiza. Ni Type 59 ya MiniArt, ile yenye kisufuria juu ya kichwa na tundu katikati ya bamba la mbele, na pingu zake nitazipanga moja moja hata kama zitanichukua msimu mzima wa mvua. Sitaipaka rangi kabla ya kuipeleka Kyaka. Nitaiweka mezani ikiwa plastiki tupu, kwa sababu kuna jambo jingine baba mdogo alilianza siku ile, kuhusu mahali walipokuwa wakifunga madumu ya maji nyuma ya kichwa, akachora kwa kidole juu ya meza mara mbili, kisha wageni wakaingia akanyamaza.